Shajara ya mradi: rasimu ya riwaya kwa dakika 45 kabla ya kazi (wiki ya 0 hadi ya 26)

Wiki ya 0: hesabu kwanza

Lengo ni rasimu ya kwanza ya riwaya, maneno 60,000, kwa mwandishi mmoja mwenye ajira ya kutwa: saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, siku tano kwa wiki. Muda uliotengwa ni wiki 48.

Wiki ina saa 168. Kazi pamoja na mapumziko ya mchana inakula 45. Njiani, kwenda na kurudi, saa moja na nusu kwa siku, jumla 7.5. Usingizi wa saa 8 kila usiku ni 56. Zinabaki saa 59.5, na kikao cha dakika 45 mara tano kwa wiki kinahitaji saa 3 na dakika 45 tu. Kwenye karatasi muda ni mwingi, ndiyo maana ratiba za namna hii hupangwa kwa furaha na kufa kabla mwezi haujaisha. Saa hizo 59.5 hazikai pamoja. Zimekatika vipande vya dakika ishirini ishirini, na kila kipande tayari kina mwenyewe: nyumba, watoto, kufua, simu.

Vikao vilivyopangwa ni 240. Kimoja kati ya kila vitano kimefutwa tangu mwanzo, kwa sababu homa, msiba, safari ya kikazi na mwisho wa mwezi havibishi hodi. Vinabaki 192. Gawanya maneno 60,000 kwa 192, unapata 312 na kidogo. Lengo la kikao limewekwa 320.

Tahadhari kuhusu lengo lenyewe. Miongozo mingi ya uandishi inatoka kwenye Kiingereza, na idadi zake zimepimwa kwa Kiingereza. Shindano la NaNoWriMo, lililoanza Marekani mwaka 1999, lilidai maneno 50,000 kwa siku 30, yaani 1,667 kwa siku. Lakini "sikumwambia" ni neno moja kwetu, na Kiingereza kinatumia matano kusema hilohilo. "Hawatatusubiri" kwao ni sita. Maneno 320 ya Kiswahili yamebeba mzigo mkubwa kuliko yanavyoonekana. Anayehamisha lengo la Kiingereza bila kulipunguza anajipa kazi ya ziada, kisha anajiita mvivu.

Daftari la vipimo lina safu sita: tarehe, saa ya kukaa, dakika zilizopita kabla ya sentensi mpya ya kwanza, maneno mapya, saa za usingizi wa usiku uliotangulia, na sababu ya kuacha. Kujaza kunachukua nusu dakika. Safu ya tatu tumeiita *dakika za kuwasha*, na ndiyo itakayotawala shajara hii.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: mkataba wa ajira usomwe. Baadhi ya mikataba ina kifungu kinachompa mwajiri haki juu ya kazi za ubunifu zinazofanywa kwa vifaa vyake au ndani ya saa zake. Mradi unatumia kompyuta binafsi, barua pepe binafsi, na hakuna ukurasa unaochapishwa kwenye printa ya ofisi, hata mmoja.

Wiki ya 1 na ya 2: vikao vya usiku

Vikao 10 vilipangwa saa 3:00 usiku. Vilifanyika 4. Maneno 760.

Sababu za kukosa zilizoandikwa: kazi ilichelewa (2), wageni au shughuli za nyumbani (2), kuchoka (2). Lakini hata vikao vinne vilivyofanyika vilitoa wastani wa maneno 190 tu. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu akihama kutoka shughuli moja kwenda nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa ikiwa haijamalizika. Mtu anakaa mezani saa tatu usiku huku kichwani bado anajibu barua pepe ya saa kumi.

Kuna kasoro nyingine ya usiku isiyosemwa sana: usiku uko mwisho wa foleni. Kila kinachochelewa mchana kinalipwa na saa za usiku. Alfajiri hakuna aliyetangulia.

Uamuzi: kuhamia saa 11:30 alfajiri.

Wiki ya 3 hadi ya 5: kuhamisha usingizi, si kengele peke yake

Kosa la kawaida ni kurudisha kengele nyuma na kuacha saa ya kulala palepale. Dakika 45 zinazoibwa kwenye usingizi kwa siku tano ni saa 3 na dakika 45, kiasi kilekile cha uandishi kilichotafutwa. Kwa siku tatu nne mambo huenda. Wiki ya pili mwili hudai deni lake.

Hatua iliyotumika: kulala na kuamka vyote vinarudi nyuma kwa dakika 15, vinakaa hapo siku tatu, kisha dakika 15 nyingine. Kwa dakika 45 hiyo ni hatua tatu, siku tisa. Vikao vikawa saa 12:00, baadaye 11:45, mwisho 11:30. Mwishoni mwa wiki saa ya kuamka isizidi ile ya kawaida kwa zaidi ya saa moja, la sivyo Jumatatu inaanza upya.

Pia usikae mezani macho yakifunguka. Uzito wa usingizi huchukua kama dakika 15 hadi 30 kupungua, na sentensi zinazoandikwa ndani yake huwa za kufuta. Kunawa, kuvaa nguo za kazini kabisa, kufungua pazia, halafu kiti. Nguo za kazini zina faida ya pili: zinaondoa wasiwasi wa kuchelewa, ule unaomfanya mtu atazame saa kila aya.

Simu inalala chumba kingine, kengele ikiwa saa ya kawaida. Kuzima arifa pekee hakukutosha. Mkono unaoigusa simu ili kuzima kengele haurudi mikono mitupu.

Vikao 12 kati ya 15. Wastani maneno 245, jumla 2,940.

Neno kwa wenye kazi za zamu: haya ya saa 11:30 hayawafai. Kwao kikao kifungwe kwenye tukio, si kwenye saa. "Baada ya kuoga nikitoka zamu" linabaki mahali pake hata zamu ikihama kutoka mchana kwenda usiku.

Wiki ya 6: dakika za kuwasha

Muda umepatikana, usingizi umetulia, na bado lengo la 320 halifikiwi. Jibu lilikuwa kwenye safu ya tatu. Wastani wa dakika za kuwasha tangu kuhamia alfajiri ulikuwa 17. Kasi ya kuandika, ukiacha kuwasha, ni maneno 9 kwa dakika. Basi:

dakika 45 − 17 = 28; 28 × 9 = maneno 252.

Hakuna upungufu wa nidhamu hapa. Zaidi ya theluthi ya kikao inaliwa na kutafuta ulipoishia, kusoma sura nzima upya, kurekebisha nukta za juzi. Mwandishi mwenye siku nzima anaweza kupoteza dakika 17 bila kuzihisi. Mwenye dakika 45 hana cha kupoteza, na kuongeza kikao kiwe cha saa moja kungekula usingizi bila kugusa ugonjwa wenyewe.

Tulichofanya ni kuacha *mkia*. Dakika 5 za mwisho za kila kikao haziandiki riwaya. Zinaandika vitu vitatu juu ya faili ya kesho: nusu ya sentensi ifuatayo, iliyokatwa makusudi, mstari mmoja wa kinachotokea baada yake, na swali moja ambalo halijajibiwa, kwa mfano "barua ameipata kwa nani?" Kesho yake mtu hatafuti pa kuanzia. Anaushika mkia na kuvuta.

Mkia mbaya unatambulika haraka. "Endelea na sura ya 4" si mkia, ni anwani. "Anafungua mlango na kukuta viti vimepangwa kama vya msiba, lakini hakuna" ndiyo mkia, kwa sababu mkono unajua neno linalofuata.

Kosa tulilolifanya siku mbili za kwanza: mkia uliandikwa baada ya saa kuita, kwa haraka, mtu akiwa na begi begani. Haukusomeka. Sasa kuna milio miwili, dakika ya 40 na ya 45, na wa kwanza unatiiwa hata kama sentensi inatiririka. Hasa kama inatiririka.

Wiki ya 7 na ya 8: kusoma kazi ya jana, kiasi gani?

Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya aliyekuwa mtumishi wa posta Uingereza, alieleza kwamba alikaa mezani saa 11:30 alfajiri akiwa na saa mbele yake, akajidai maneno 250 kila robo saa, na kwamba alianza kwa nusu saa ya kusoma kazi ya siku iliyopita. Watu huiga yale maneno 250 na kusahau mengine. Kikao chake kilikuwa cha saa tatu. Nusu saa ni sehemu moja ya sita. Sehemu ya sita ya dakika 45 ni dakika saba na nusu, na hata hizo ni nyingi ikiwa mkia umeachwa vizuri.

Kanuni ya sasa: inasomwa aya ya mwisho tu, mara moja, bila kurekebisha. Ili kuondoa kishawishi, kila kikao kina faili yake mpya, jina likiwa tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku ili zijipange zenyewe. Jumamosi faili tano zinaunganishwa kwenye mswada, kazi ya dakika kumi. Faili la jana likiwa limefungwa, hakuna cha kupiga pasi.

Kwa vitu visivyojulikana, kama jina la mtaa, umri wa mhusika au umbali, inaandikwa herufi x na safari inaendelea. Alfabeti ya Kiswahili haina x, kwa hiyo ukitafuta herufi hiyo kwenye mswada wote utazipata alama zote na karibu hakuna kingine. Kabla ya hapo tulikuwa tunaandika "angalia", na kutafuta neno hilo kulileta kila mhusika aliyeangalia kitu. Sasa hivi alama ni 19.

Kisahihisha maneno kimezimwa. Programu iliyowekwa kwa lugha nyingine hupigia mstari mwekundu karibu kila neno la Kiswahili, na ile inayojirekebisha yenyewe hubadili maneno bila kuuliza.

Wiki ya 6 hadi ya 8: vikao 13 kati ya 15, maneno 3,900. Dakika za kuwasha zilishuka hadi 8, kisha 5, na wiki hii 4. Hesabu mpya: 45 − 4 za kuwasha − 5 za mkia = 36; 36 × 9 = 324. Lengo limefikiwa bila kuongeza dakika hata moja.

Wiki ya 9 na ya 10: mwisho wa mwezi

Hesabu za ofisini zinafungwa, kazi inaanza mapema na kuisha usiku. Vikao 7 kati ya 10, na vitatu kati ya hivyo vilikuwa vya *haba*.

Siku ya haba ni dakika 10 au maneno 50, kimojawapo kikitangulia, kisha mkia. Jina limetoka kwenye methali inayojulikana, lakini sababu yake si kujaza kibaba. Maneno 180 ya siku tatu si kitu. Faida ni kwamba mkia unabaki mbichi. Baada ya siku moja bila kukaa, dakika za kuwasha zilikuwa 7; baada ya siku tatu mfululizo, 15. Haba inalinda nambari hiyo.

Haba ina hatari yake: inageuka kuwa kawaida. Ikiandikwa mara tatu kwa wiki nje ya kipindi cha dharura, ujue kikao kamili kimekaa mahali pabaya, kihamishwe.

Jumla hadi sasa: maneno 9,060.

Wiki ya 11 na ya 12

Vikao 9 kati ya 10, maneno 2,900. Nusu saa ya chakula cha mchana ilijaribiwa kwa kuandika, ikashindwa: kuwasha dakika 9, watu wanapita, halafu ukatike. Imebadilishwa kazi. Sasa ni ya kujibu lile swali la mkia, kwa kalamu, kwenye kijikaratasi kimoja. Hiyo inawezekana hata kwa dakika sita.

Kurekodi sauti njiani pia kulijaribiwa. Rekodi ya dakika 5 inaweza kuwa na maneno 600, lakini kuyachapa kwa mkono kunakula robo saa au zaidi, na mengi ni "yaani" na "kwa hiyo". Imebaki kwa mazungumzo ya wahusika tu, ambako sauti inasaidia kweli.

Wiki ya 13: kuugua

Vikao 0. Maneno 0.

Inaandikwa hapa kwa sababu ya wiki inayofuata. Kishawishi ni kulipa deni: 1,600 zilizopotea, pamoja na 1,600 za wiki mpya, ni 640 kwa siku. Kwa kasi ya maneno 9 hizo ni dakika 71 za kuandika tupu, na ukiongeza kuwasha na mkia zinafika 80. Kikao kina 45. Mpango huo unashindwa Jumatatu, deni linakua Jumanne, na Alhamisi mtu anaona aibu kufungua daftari. Hakuna kulipa. Vikao 48 vilivyofutwa wiki ya 0 ndivyo vinavyobeba hasara hii.

Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba tabia mpya ilichukua kwa wastani wa kati siku 66 kuwa ya kujiendea yenyewe, tofauti kati ya watu ikiwa kubwa: 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuathiri kwa maana. Lakini tabia zilizopimwa zilikuwa nyepesi, kama kunywa maji au kutembea kidogo. Kuandika sura si kunywa maji, basi hizo 66 zisichukuliwe kama ahadi.

Wiki ya 14 hadi ya 19

Vikao 26 kati ya 30. Maneno 8,450. Jumla 20,410. Hakuna cha kusimulia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kitu kimoja cha kiufundi: mswada ulifunguliwa kwenye simu na kompyuta kwa wakati mmoja, zikazaliwa nakala mbili zisizolingana. Ilichukua kikao kizima kuzipatanisha aya kwa aya. Tangu hapo simu ni ya vijikaratasi tu, haifungui mswada. Nakala ziko tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje inayochomekwa kila Jumamosi baada ya kuunganisha faili, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mara moja kwa mwezi nakala ya diski inafunguliwa na kusomwa ukurasa mmoja. Nakala rudufu ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Wiki ya 20 hadi ya 22: katikati

Maneno 2,050 kwa wiki tatu, ingawa vikao vilivyofanyika ni 12 kati ya 15. Hapa ndipo daftari lilipolipa gharama yake, maana bila safu zile jibu la haraka lingekuwa "uchovu" au "sina kipaji".

Tunasoma safu hivi. Dakika za kuwasha zikipanda huku kasi ikibaki 9, tatizo ni mkia, umeandikwa ovyo. Kuwasha kukibaki chini lakini kasi ikishuka, mwandishi anajua pa kuanzia ila hajui anaelekea wapi: tukio halijafikiriwa. Vyote viwili vikiharibika pamoja, tazama safu ya usingizi kabla ya kulaumu riwaya.

Wiki hizi kuwasha kulikuwa 4 hadi 6, kasi imeshuka hadi 5 na kitu. Usingizi saa 7 na nusu, haukubadilika. Mpango wa matukio ulikuwa umeisha kwenye sura ya 9, na mwandishi alikuwa anatunga njia huku anatembea. Vikao viwili kati ya 12 vilitolewa kwa mpango peke yake: matukio sita yajayo, kila moja sentensi moja yenye nani anataka nini na nini kinamzuia. Tukio lisiloingia kwenye sentensi hiyo halijaiva.

Tangu hapo, matukio yakibaki mawili kwenye orodha, kikao kinachofuata ni cha mpango. Kinahesabiwa kama kikao kamili ingawa maneno ni sifuri. Kisipohesabiwa kitarukwa.

Wiki ya 23 na ya 24: nusu ya safari

Vikao 9 kati ya 10, maneno 3,000. Jumla ya vikao 92 kati ya 120 vilivyopangwa. Hesabu ya wiki ya 0 ilitarajia 96. Maneno 25,460 badala ya 30,000.

Upungufu wa maneno 4,540 ni vikao 14. Vingi vilipotea kwenye wiki tano za mwanzo na zile tatu za katikati. Njia ni mbili: kupandisha lengo la kikao, au kusogeza mwisho. Kupandisha kungedai maneno 360 kwa kikao, yaani dakika 40 za kuandika bila kuwasha wala mkia, na mkia ndio ulioleta mafanikio yote. Mwisho umesogezwa kutoka wiki ya 48 hadi ya 52. Wiki 28 zilizobaki, vikao vinne kwa wiki, maneno 324: inatoa 36,288, na zinahitajika 34,540. Akiba ni vikao vitano. Ni nyembamba, lakini ni ya kweli.

Wiki ya 25 na ya 26: saa za kazi zimebadilika

Kazini sasa wanaanza saa 1:30 asubuhi. Kikao cha 11:30 kinaisha 12:15, na safari inataka kuanza 12:30. Robo saa haitoshi kwa kila kitu kinachofuata. Kurudisha kikao saa 11:00 kunawezekana kwa hatua zilezile za wiki ya 3, yaani dakika 15 mara mbili kwa siku sita, mradi kulala nako kuwe saa 3:00 usiku. Hilo limekubaliwa na watu wa nyumbani kwanza, kabla ya kengele kuguswa. Wao ndio wanaobeba nusu ya gharama, taa inapozimwa mapema.

Katika siku sita za kuhama, vikao vyote ni vya haba. Viwili vya kwanza vimefanyika: maneno 55 na 70, kuwasha dakika 6 na 5. Alama za x kwenye mswada ni 41. Zitaanza kujazwa Jumamosi, kumi kwa wiki, nje ya vikao.